Fundi wa Dhahabu Isiyoonekana
Katika zahanati za Kaunti ya Machakos, mwenye homa hutobolewa kidole, tone la damu likatiwa kwenye kipimo cha malaria, na baada ya dakika 15 au 20 mhudumu akasoma mistari. Mstari ule mwekundu, katika vipimo vingi vya aina hii, ni dhahabu. Ni chembe nano, ndogo kiasi kwamba zikipangwa 25,000 kwa safu hazizidi milimita moja, na kila moja imevikwa kingamwili zinazoitambua protini ya kimelea. Protini ikiwepo, chembe hunaswa mahali pamoja kwenye ukanda, na kwa kuwa dhahabu ya ukubwa huo humeza mwanga wa kijani, jicho huona wekundu. Vipimo vingi vya ujauzito vinavyouzwa madukani mjini hutumia mbinu hiyohiyo. Basi ufundi huu wa kutengeneza chembe za dhahabu, ambao leo unatajwa sana katika kupiga picha za saratani na kupeleka dawa ndani ya uvimbe, matunda yake yameshatufikia. Ambao haujatufikia vya kutosha ni ufundi wenyewe, nao unastahili sifa na juhudi.

Mwanasayansi Michael Faraday aliuchunguza ufundi huu London mwaka 1857, na mwaka 1951 John Turkevich na wenzake wakaeleza njia inayofuatwa hadi leo. Chupa husafishwa kwa asidi kali, maana uchafu kidogo tu huharibu kazi. Maji yenye chumvi ya dhahabu, ya manjano hafifu, huchemshwa yakikorogwa bila kukoma, kisha kitrati, chumvi ya asidi ya limau, humiminwa kwa mkupuo mmoja. Manjano hupotea, giza la kibuluu hutanda, na baada ya dakika chache mchanganyiko hutulia kwenye rangi ya damu ya mzee. Kitrati kikipungua, chembe hunenepa. Chumvi ya kawaida ikiingia, chembe hugandana na wekundu kugeuka buluu. Mchonga vinyago wa Wamunyu hujulikana kwa kujua mahali pa kusimamisha patasi, na fundi huyu naye thamani yake ni kujua dhahabu ikome kukua wapi.

Ukubwa huo huamua mengi mwilini. Dhahabu huzuia eksirei zaidi kuliko ayodini inayotumika sasa katika skani, kwa hiyo chembe zake zinaweza kuuonyesha uvimbe waziwazi. Dawa huweza kushikizwa juu ya chembe hizo, na mwanga wa leza huweza kuzipasha joto zikaunguza uvimbe kutoka ndani. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo la njia hiyo ya joto kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume, wakitumia chembe za silika zilizofunikwa dhahabu.

Wapo watakaosema kwamba ahadi imezidi matokeo, na wana hoja. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa tafiti nyingi, hasa za panya, ulionyesha kwamba, kwa thamani ya kati (median), asilimia 0.7 tu ya chembe nano zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi hukamatwa na ini na wengu. Lakini takwimu hiyo haiukanushi ufundi. Inaudai zaidi, kwa kuwa ukubwa, umbo na vazi la chembe ni miongoni mwa mambo yanayoamua ziendako.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mgonjwa wa saratani Machakos anahitaji kwanza kugunduliwa mapema, mionzi na dawa za maumivu. Ni kweli, wala senti moja ya mahitaji hayo isihamishwe. Ila ufundi huu hauli bajeti ya wodi: lita moja ya mchanganyiko ule hubeba takriban miligramu 50 za dhahabu, na vyombo vyake ni chupa, jiko na kikorogeo. Profesa Hulda Swai wa Tanzania alifanya kazi Afrika Kusini kwenye chembe nano, zisizo za dhahabu, za kubeba dawa za kifua kikuu, kisha akaendeleza kazi yake Arusha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Chuo Kikuu cha Machakos nacho kina sababu ya kuwafunza vijana wake kazi hii kwa mikono, wakianza na vipimo vya zahanati zetu. Dawa za saratani za aina hii zikikomaa, zitakuja na bei na sifa nyingi, na asiyejua chembe inavyotengenezwa hataweza kuhoji anachouziwa.