Tangi Lililonuka Mayai Viza

Siku ya nne ya kuchachusha mvinyo, tangi lilianza kunuka mayai viza. Lilikuwa na lita 200 za zabibu nyekundu za Makutupora, kutoka Dodoma, sukari Brix 23. Tulishangaa, maana hamira tulidhani tumeishibisha.

Juisi tulikuwa tumeipima: miligramu 120 za nitrojeni inayoliwa na hamira kwa kila lita. Kwa sukari ile tulitaka 220. Pengo tuliamua kulijaza kwa DAP (diamonia fosfeti), chumvi inayobeba nitrojeni kama amonia. DAP safi ina nitrojeni asilimia 21 hivi, hesabu ikatoa gramu 95. Tukazimwaga zote siku ileile tuliyotia hamira. (Ndiyo, ni DAP anayoijua mkulima wa mahindi, ila ya mvinyo husafishwa kwa kiwango cha chakula. Ile ya mfuko wa mbolea usithubutu.)

Hesabu haikuwa na kasoro. Tulikosea saa. Hamira ikiona amonia nyingi huikimbilia, kama mtoto aliyewekewa pipi kando ya ugali, ikaziacha asidi amino zilizomo kwenye juisi. Seli zikazaliana kwa fujo, joto likapanda, chakula kikaisha huku midomo imeongezeka. Harufu je? Hamira huchukua salfeti na kuigeuza salfidi ili itengeneze asidi amino zenye salfa. Nitrojeni ikikosekana, salfidi hukosa cha kuungana nacho, hutoka nje kama gesi ya haidrojeni salfidi.

Kuongeza DAP siku hiyo ya nne kusingesaidia. Brix ilishafika 6, na kilevi kikizidi hamira hushindwa kuvuta nitrojeni. Inayobaki huwa karamu ya bakteria waharibifu.

Tangi la pili, zabibu zilezile, hatukulitilia DAP mwanzoni. Brix iliposhuka hadi 20 tukatia kirutubisho cha hamira mfu, ambacho nitrojeni yake imo ndani ya asidi amino na huliwa polepole. Ilipofika 15, yaani theluthi ya sukari imekwisha, tukaweka gramu 60 za DAP, kisha tukachota juisi ya chini na kuimwagia juu ipate hewa. Hamira huhitaji oksijeni kidogo ili ijenge utando wa seli unaostahimili kilevi. Sukari iliisha yote, bila harufu.

Mvinyo wa tangi la kwanza tuliuhamisha mara mbili tukiupitisha hewani. Harufu ilipungua, haikuisha.