Adèle Hatabasamu Ili Umpende

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za upelelezi tunajua mwanamke anavyoingia: kwanza umbo, kisha macho, jina baadaye. Hata Nuru wa Ben Mtobwa, jasiri kabisa, hatangulii bila sifa za uzuri wake, na kesi hubaki ya Joram Kiango.

Sasa mfungue Adèle Blanc-Sec, katuni za Mfaransa Jacques Tardi zilizoanza kutoka mwaka 1976. Paris, 1911: yai la kale linaanguliwa makumbusho, mjusi mwenye mbawa anaruka juu ya mji, polisi wanahaha. Adèle, mwandishi wa hadithi za magazetini, anapeleleza kivyake. Mkali, mkaidi, hana muda wa kubembeleza mtu. Inspekta Caponi, masikini, kila siku yuko nyuma.

Visa vyenyewe vimevurugika, tena makusudi: Tardi anazitania zile hadithi za "itaendelea". Ukipotea njia usijilaumu. Kweli, humchora Adèle hata bafuni, lakini hapo yuko na sigara na mawazo yake, hamgojei mtazamaji. Nguvu yake ndiyo hiyo, haombi kupendwa.

Tardi anaichora Paris jengo kwa jengo, nami nikawaza Kariakoo. Jamani, nchi iliyotoa jarida la SANI haikosi wachoraji. Nani atamchora dada mpelelezi akikatiza Mtaa wa Kongo jioni, kesi ni yake, bila kalamu kuganda kiunoni mwake?