"Mtumiaji Mkuu" ni Nani? Uhakiki wa Istilahi za Idhini katika Ruta

Hivi karibuni tulipita Sumbawanga, na katika ofisi moja ya uwanda wa juu wa Ufipa tukaonyeshwa mwongozo wa kurasa nane uliofasiriwa kwa Kiswahili ili kuwasaidia watumishi kuitunza ruta, yaani ile mashine inayopokea mawasiliano ya mtandao na kuyaelekeza kwenye kompyuta za ofisi. Tuliusoma kwa furaha, maana si kila siku mtu huona kazi ya ufundi kama hiyo ikielezwa kwa lugha ya Taifa. Kisha tukaonyeshwa kabati.

Kabati hilo lilikuwa na kufuli imara, na ruta ilikuwa ndani yake. Mwongozo uliagiza kwamba "ruhusa ya kuifikia ruta itolewe kwa mtumiaji mkuu pekee". Watumishi waliitekeleza amri hiyo kama Kiswahili kinavyosema. Kukifikia kitu ni kwenda hadi kilipo. Basi kitu wakakifungia. Mtumiaji mkuu ni mkubwa miongoni mwa watumiaji. Basi ufunguo akakabidhiwa mkuu wa ofisi. Wakati huohuo ruta ilikuwa ingali na neno la siri la kiwandani, na yeyote aliyeunganishwa na mtandao wa ofisi angeweza kuingia ndani yake akiwa ameketi mezani pake, asilisogelee kabati hata kidogo. Hatuwezi kuwalaumu watumishi hao. Walisoma vema, aliyekosea ni mfasiri.

Wala si jambo dogo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa njia nyepesi ya kujaribu majina na maneno ya siri yaliyowekwa na watengenezaji, ambayo wenye vyombo hawakuyabadili.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, limo katika neno "mkuu". Katika utumishi wa umma neno hili limekwisha kuwa na makao yake: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkuu wa shule. Ni neno la cheo. Lakini akaunti katika ruta haifuati cheo, hufuata kazi. Ruta za Cisco, kwa mfano, hupanga madaraja ya idhini kuanzia 0 hadi 15, na daraja la 15 ndilo lenye uwezo wote. Hilo hustahili kupewa fundi anayeitunza mashine, hata kama katika orodha ya mishahara yuko chini kabisa. Wafipa wenyewe hawahitaji kufundishwa tofauti hii. Mapokeo yao husimulia kwamba wageni walipotwaa utawala wa nchi, Mwene wa Milansi alibaki na heshima yake ya kale. Heshima ikawa huku na utawala kule. Sisi tungependelea "msimamizi wa ruta", na akaunti yake iitwe "akaunti ya usimamizi".

"Ruhusa" nayo ina mashaka. Ofisini mtu huomba ruhusa ya kwenda msibani au kumpeleka mtoto hospitali. Mwongozo uliposema "futa ruhusa za mtumishi aliyehama", karani mmoja alituuliza, bila mzaha wowote, kama mambo ya likizo nayo yanaendeshwa na ruta. Neno "idhini" halina mzigo huo, na linakubaliana na "uidhinishaji" ambalo mfasiri mwenyewe amelitumia ukurasa wa pili.

Katika ruta za MikroTik watumiaji huwekwa katika makundi matatu ya mwanzo, ambayo mfasiri ameyaita "kusoma", "kuandika" na "kamili". Amefuata neno kwa neno. Mtumishi anayeambiwa ana idhini ya kuandika hufikiri barua au taarifa, kumbe amepewa uwezo wa kugeuza mipangilio ya mtandao mzima. "Kutazama" na "kubadili" yangemweleza ukweli tangu mwanzo.

Lililotuchekesha, kisha likatusikitisha, ni "uhasibu". Ulinzi wa ruta una hatua tatu: kumthibitisha anayeingia, kumpa idhini inayomfaa, na kuweka kumbukumbu ya aliyoyatenda. Hatua ya tatu mfasiri ameiita uhasibu, kwa sababu kamusi ilimpa neno hilo kwanza. Matokeo yake ukurasa wa tatu ulipelekwa kwa mhasibu, naye akaurudisha. Hadi tulipofika, hakuna aliyekuwa akitunza kumbukumbu hizo. "Uwekaji kumbukumbu" ni neno refu, lakini halipotezi njia.

Kuhusu "nywila" na "neno la siri" hatuna ugomvi na lolote, ila mfasiri achague moja. Msomaji akiyakuta yote mawili katika aya moja hudhani ni vitu viwili, naye hutafuta cha pili asikione.

Tunasisitiza haya kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila haki kuwa kosa la jinai. Mtumishi aliyefundishwa kwamba "kufikia" ni kusimama mbele ya kabati hana namna ya kujua ni wakati gani ameuvuka mpaka huo. Tumewaandikia watayarishaji wa mwongozo, na tumewaomba waanze na ukurasa wa tatu.