Ubora wa Chandarua Haupimwi kwa Bendera: Ushahidi kutoka Namawala

Mtu akinunua saa ya Casio au Seiko, aghalabu huigeuza mgongo atafute jina la nchi. Akiona Japani, moyo hutulia. Akiona China, Thailand au Malaysia, huanza kushuku kwamba kauziwa feki, ingawa kampuni hizo zimekuwa zikitengeneza saa zao halali nje ya Japani kwa miaka mingi. Shaka hiyo inachanganya maswali mawili: bidhaa ni halali au ya kughushi, na bidhaa halali imetengenezwa kwa kipimo gani. Mashine ya saa iitwayo 4R36 ya Seiko inaruhusiwa na watengenezaji wake kukosea kati ya sekunde 35 nyuma na sekunde 45 mbele kwa siku, iwe ndani ya saa iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Japani au ndani ya isiyoandikwa hivyo. Mashine za 9S za Grand Seiko, za kampuni hiyohiyo, zinaruhusiwa sekunde 3 nyuma hadi 5 mbele. Tofauti hiyo kubwa haikuletwa na mipaka ya nchi. Wahandisi waliipanga mezani kulingana na gharama wanayokubali kuingia na bei ambayo mnunuzi atakubali kulipa. Hoja yangu ndiyo hiyo: ubora hutoka katika kipimo kilichowekwa, katika namna kazi inavyofuata kipimo hicho, na kwa yule anayekagua. Na ushahidi wake mzito kwetu Watanzania unaning'inia juu ya vitanda vya Namawala.

Namawala iko pembezoni mwa bonde la mafuriko la Kilombero, upande wa magharibi wa Ifakara, katika nchi ya mpunga na maji yaliyotuama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba mkazi mmoja wa hapo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Ndiyo maana kijiji hiki kimetajwa mara nyingi katika maandiko ya sayansi ya mbu. Mwaka 1997 ulianza mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukiuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: dawa ilifuliwa ikaisha, na kaya nyingi hazikuchovya tena. Chandarua cha kudumu na dawa yake ndicho kilichohitajika, na cha kwanza kupewa kibali na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2001, kilikuwa Olyset, uvumbuzi wa kampuni ya Kijapani ya Sumitomo Chemical.

Ufundi wa Olyset ni kwamba dawa haipakwi juu ya uzi, inaishi ndani yake. Permethrini huchanganywa na plastiki ya polyethilini ikiwa imeyeyuka, mchanganyiko husukumwa kupitia matundu madogo na kutoka kama nyuzi, nyuzi hupozwa na kuvutwa, kisha hufumwa, hutulizwa kwa joto, hukatwa na kushonwa. Dawa iliyo juu ikiondoka kwa kufuliwa, iliyo ndani hupanda taratibu kushika nafasi yake. Mwaka 2003 Sumitomo iliwapa A to Z Textile Mills wa Arusha ujuzi huo bila kudai malipo ya hakimiliki, na mwaka 2007 kampuni hizo mbili zikaunda ubia, Vector Health International. Kiwanda kikakua hadi kuajiri maelfu ya watu na kutoa mamilioni ya vyandarua kwa mwaka, na vyandarua hivyo vilikuwa sehemu kubwa ya vile vilivyogawiwa nchi nzima kuanzia mwishoni mwa muongo huo. Olyset ileile ilitengenezwa pia China na Vietnam. Kwa hiyo swali la saa linarudi kwetu waziwazi: je, chandarua cha Kijapani kilichofumwa Arusha ni duni?

Tuangalie kinachopimwa. Kwa kila kilo moja ya kitambaa cha Olyset panatakiwa gramu 20 za permethrini, na inaruhusiwa kupungua hadi 17 au kuzidi hadi 23. Chandarua hutakiwa kubaki na uwezo wa kuua baada ya kufuliwa mara 20. Katika jaribio la maabara, kikombe cha plastiki chenye umbo la pia hubanwa juu ya kipande cha chandarua, mbu jike watano huingizwa humo na kuachwa wagusane na nyuzi kwa dakika 3, kisha hutolewa na kupewa maji ya sukari. Baada ya dakika 60 huhesabiwa walioanguka, na baada ya saa 24 huhesabiwa waliokufa. Jaribio hurudiwa kwa vikombe vingi, na chandarua hufaulu iwapo asilimia 95 wameanguka au asilimia 80 wamekufa. Kisipofikia hapo, hupewa jaribio jingine la usiku mzima, ambamo mbu lazima apenye chandarua kumfikia mnyama. Hakuna hatua hata moja inayouliza fundi ni raia wa wapi. Arusha inaweza kufeli, na Osaka inaweza kufeli vilevile: joto la kuyeyushia likikosewa, dawa ikichanganywa vibaya, au hatua ya kutuliza kitambaa ikifupishwa, mbu atatoka kikombeni akiruka.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watumiaji wenyewe: matundu ya Olyset ni makubwa, hivyo wengi huona kwamba kiwanda chetu kimebana uzi. Hiyo si kweli. Tundu la milimita 4 hivi lilichorwa Japani kwa makusudi ili hewa ipite, maana mtu anayehisi joto halali ndani ya chandarua. Mantiki yake ilikuwa kwamba mbu hawezi kupenya bila kugusa uzi wenye dawa. Mantiki hiyo ina gharama yake, kwani inategemea dawa iwe bado inaua, lakini gharama hiyo iko katika mchoro, na ingekuwa ileile kama chandarua kingefumwa Tokyo.

Pingamizi la pili ni la kuchanika. Vyandarua vinararuka kabla ya miaka 3 ambayo kipimo cha kimataifa kinavitarajia kudumu, na lawama huenda Arusha. Jaribio kubwa lililofanywa hapa Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2020, lilizigawia kaya kwa bahati nasibu chapa tatu, Olyset ikiwa mojawapo na nyingine zikitoka nje, kisha zikafuatiliwa kwa miaka 3. Umri wa kati wa chapa zote tatu ulikuwa chini ya miaka 3. Kama uraia wa kiwanda ndio ungekuwa ugonjwa, zilizotoka nje zingefikisha miaka hiyo 3. Kilichozishinda zote ni kitanda cha miti, panya, cheche za moto, na maisha ya mkulima anayekunja chandarua chake msimu wa mpunga, akakipeleka kwenye kibanda cha shambani na kukirudisha baada ya mavuno. Kipimo cha kimataifa kilikadiria maisha mepesi kuliko yale ya bonde la Kilombero.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: mbu hawafi kama zamani. Ni kweli, ila chanzo hakiko kwenye mashine ya kufuma. Mbu wamejenga usugu dhidi ya kundi la dawa ambamo permethrini imo. Utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga mbu aina ya Anopheles funestus, ingawa si wengi kuwazidi wenzao, wanasababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi, nao ni sugu. Hata dawa iliyopimwa vizuri kabisa itashindwa na mbu hao, iwe imetoka nchi yoyote. Dawa ya hali hiyo ilionekana Muleba, mkoani Kagera: Sumitomo ilipoongeza kemikali ya PBO inayovunja kinga ya mbu, miezi 9 baadaye maambukizi kwa watoto yalikuwa asilimia 29 kwa waliopata Olyset Plus na asilimia 42 kwa waliopata vyandarua vya kawaida. Mapishi yalipobadilika, matokeo yalibadilika.

Atakayebaki na shaka atasema kwamba dawa yenyewe ilitoka Japani, hivyo Arusha ilikuwa jiko tu. Nakubali kwamba anayemiliki kemikali na fomula anashika mpini. Lakini jikoni ndiko chakula huungulia. Papua New Guinea ilijifunza hilo kwa uchungu. Vyandarua vipya vya chapa moja, ambavyo havijafunguliwa, vilipopimwa, vile vilivyotengenezwa kati ya 2007 na 2012 viliua mbu wote, lakini kati ya vilivyotengenezwa 2013 hadi 2019 ni asilimia 17 tu vilivyofikia kiwango. Chapa haikubadilika, na maandishi kwenye mfuko yaliendelea kuaminiwa wakati malaria ikirudi. Waliookoa ukweli ni watu waliofungua mifuko na kupima.

Hapo ndipo nchi inapoingia kwa haki. Nchi ina uzito pale inapokuwa na maabara, wakaguzi na ujasiri wa kukataa mzigo mbovu. Ifakara ina maabara yenye mizizi ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na ujuzi wake umejengwa na wakazi wa Namawala na vijiji jirani waliokubali mitego ya mbu iwekwe katika vyumba vyao usiku kwa usiku, mwaka hadi mwaka. Watu waliochangia hivyo wana haki ya kupimiwa. Kila shehena ya vyandarua inayoingia bonde hili, iwe ya Arusha, Vietnam au China, ichukuliwe sampuli kabla ya kugawiwa, na nyingine baada ya mwaka mmoja wa matumizi, zijaribiwe kwa mbu wa Kilombero walio sugu, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa namba ya toleo. Na wewe unayekabidhiwa chandarua kipya, usiishie kwenye jina la nchi. Tunza lebo yenye namba hiyo, na uulize nani alikipima, lini, na kwa mbu gani.