Sam Ntiro na Wabeba Pombe ya Usiku

Hapa Chonyonyo, Karagwe, mtu aliyebeba rubisi, pombe yetu ya ndizi, humtambui kwa sura, unamtambua kwa shingo. Kibuyu kikijaa, shingo inanyooka, hatua zinafupika, mkono mmoja unapanda kukishika na mwingine unabaki ubavuni ukitafuta mizani. Anayepeleka pombe ukweni ndiye wa kumtazama zaidi. Hataki hata tone limwagike, maana alichobeba ni heshima ya ukoo mzima.

Shingo hiyo hunijia kila ninapotazama nakala ya picha ya Sam Joseph Ntiro ya mwaka 1956, ile ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ni picha ndogo ya rangi za mafuta kwenye turubai, upana wake sentimita 51 hivi. Ntiro hakuwa mtu wa Karagwe. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, na pombe ya kwao ni mbege, inayotiwa ulezi, wakati rubisi yetu hutiwa mtama. Lakini kihamba cha Mchaga na kibanja cha Mnyambo ni ndugu wa tumbo moja: nyumba katikati ya migomba, mibuni chini yake, na kijia chembamba ambamo watu wawili hawapishani mpaka mmoja asogee pembeni. Ndiyo maana sihitaji kuelezwa kwa nini wanaobeba pombe usiku hufuatana mmoja mmoja.

Uchoraji alijifunza Makerere kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa na njia yake ya kufundisha. Aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao wakachora kile walichokiona akilini. Njia hiyo humuumbua haraka asiyewahi kutazama. Mtu anaweza kukaa miaka 20 kwenye migomba asijue mkungu unamlemea mbebaji upande gani. Ntiro alijua, na alijua bila kuwekewa kitu mbele yake. Kati ya 1952 na 1955 alisoma London, katika shule ya sanaa ya Slade, ambako kuchora mwili wa mtu aliyesimama mbele yako ni msingi wa mafunzo. Akatoka na mkono uleule, akaendelea kuchora vilima, mavuno, ukataji kuni na masoko ya nyumbani. Huko London alirudi baadaye, 1961 hadi 1964, akiwa mwakilishi wa Tanganyika.

Wapo wasiokubali kumwita mchoraji wa uhalisia. Watu wake ni wadogo, nyuso ni za kugusia tu, vivuli ni haba, na kilima cha mbali hakififii kama macho yanavyokiona. Ni kweli, na anayetaka ngozi yenye mikunjo na jasho linalong'aa hatalipata kwake. Mimi naanza kumpima kwingine. Chukua ukamuaji wa ndizi. Ndizi zilizoiva zimemenywa, ziko kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, na mtu anazikanyaga kwa miguu mpaka juisi ichuruzike. Mchoraji anaweza kukupa kila unyasi na kila kidole cha mguu, na bado mkanyagaji wake akaonekana kama amesimama tu anasubiri basi. Uzito haupo. Ntiro aliacha vidole akashika uzito: nani ameinama kwa sababu anakata, nani kwa sababu anaokota, nani amebeba na nani anamsindikiza aliyebeba. Kwa watu wanaoishi kwa mikono, huo ndio uhalisia wa kwanza, na mengine yote hufuata.

Kuna jambo jingine ninalompendea. Hakuna mtu mmoja aliyekuzwa katikati wengine wakawa pambo. Wote wana kazi, na picha inakupa nafasi ya kumfuata kila mmoja.

Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliipata picha ya wabeba pombe mwaka 1960, na imo kwenye hazina yao. Ntiro alifariki mwaka 1993. Walimu wa sanaa wa Karagwe na Kyerwa, itafuteni, hata kwenye simu. Waonesheni watoto, kisha watumeni kibanjani wakamtazame mtu aliyebeba, wamtazame mpaka afike, ndipo washike penseli.