Kiulizi cha Nani? Mlazo na Alama za Uandishi katika Matini za Kiswahili

Swali la iwapo alama za uandishi zilizomo katika maandishi ya mlazo nazo zilazwe, au zisimame wima, limezoeleka kuachiwa mpiga chapa. Kwa matini za isimu ya Kiswahili mazoea hayo yana hasara, kwani Kiswahili huweza kuuliza bila ya kubadili neno hata moja. Msemaji wa Kilifi akitamka "Wamekwenda Bofa" kwa kiimbo cha taarifa, anaeleza. Akigeuza kiimbo, bila ya kutanguliza "je", anauliza. Katika maandishi tofauti hiyo yote hubebwa na kiulizi. Basi mtafiti akiinukuu sentensi hiyo kwa mlazo, pasipo alama za mtajo, mwishoni mwa swali lake mwenyewe, kiulizi kilicholala kitamwambia msomaji kwamba msemaji aliuliza. Kilichosimama kitamwambia kwamba anayeuliza ni mtafiti. Ushahidi wenyewe umegeuka.

Hoja ya kwamba uzuri wa ukurasa unadai vyote vilale pamoja haina hata nguvu ya jadi. Aldus Manutius alipochapa Virgil kwa mlazo huko Venice mwaka 1501, herufi kubwa aliziacha wima. Mwongozo wa Chicago, ambao kwa muda mrefu uliifanya alama ifuate neno lililoitangulia, uliigeuza kanuni hiyo katika toleo la 15 (2003), alama ikafuata matini yanayoizunguka. Kuhusu mabano, Robert Bringhurst alikwisha kushauri mwaka 1992 kwamba yasimame hata ndani ya mlazo, na hapo hapana ubishi mkubwa.

Ubishi upo katika tenzi zilizohamishwa kutoka hati za Kiarabu. Miswada ya kale kwa kawaida haina kiulizi wala mkato. Hivyo hutiwa na mhariri. Beti zikichapwa kwa mlazo kando ya tafsiri, na alama hizo zikalala pamoja nazo, uamuzi wa mhariri huvikwa joho la mtunzi. Yaweza kujibiwa kwamba jicho halitambui mkato uliolala. Ni kweli kwa mkato. Kwa kiulizi si kweli, na kiulizi ndicho kinachobadili maana ya mshororo.

Hata hivyo ritifaa ya "ng'ombe" au "ng'ambo" haimo katika hesabu hii, ijapokuwa umbo lake ni la alama. Hiyo ni sehemu ya herufi. Ikiondolewa, konsonanti inayosomwa ni nyingine. Katika Kigiriama nako, lugha ya majirani wa Bofa, kazi yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo italala pamoja na neno lake. Programu ya kompyuta inayosimamisha alama zote kwa mkupuo haijui tofauti hiyo, na mpanga chapa hana budi kuitoa ritifaa katika orodha ya alama hizo kabla ya kuiendesha.