Sultani wa Kwenye Televisheni

Azam TV ilipotuletea tamthilia ya "Sultan", ambayo Waturuki walianza kuionyesha kwao mwaka 2011 kwa jina la Muhteşem Yüzyıl, hapa Makumira watu walitoka sala ya isha mbiombio. Waliotia sauti za Kiswahili wanastahili sifa. Hata bibi asiyejua kusoma alifuata kisa bila ya kuuliza.

Lakini Suleiman mwenyewe ni nani? Alitawala tangu 1520 hadi 1566, akaitwa Kanuni kwa ajili ya sheria alizozipanga, na mauti yalimkuta hemani, jeshi lake likiwa limeizingira Szigetvár. Huyu wa kwenye televisheni yu chumbani, ati akisuluhisha wake. Safari ya vita ya miezi hupita upesi, tukarudishwa kwenye fitina za Hurrem. Kuuawa kwa mwanawe Mustafa, mwaka 1553, ndipo walipofanya kazi ya haki: baba na mfalme wanagombana ndani ya kifua kimoja.

Kijana wangu wa chuoni alinitajia masuria wote kwa majina. Nikamwuliza habari za Sinan, aliyejenga msikiti wa Suleymaniye ukakamilika 1557. Akanyamaza, kisha akasema: "Shekhe, si ndipo alipozikwa Hurrem?"

Ndipo.